Moto Ni Uleule, Hewa Siyo

Gesi ya Songo Songo ilianza kuchomwa Ubungo mwaka 2004, na kwa miaka mingi baada ya hapo taa nyingi za Tanzania zimewaka kwa nguvu ya turbini za gesi. Ndani ya kila turbini mna safu za mapanga madogo ambayo mafundi huyaita bledi. Bledi za mbele, zinazopokea moto ukiwa bado mkali, ni za aloi ya nikeli, na juu ya aloi hiyo hupakwa ngozi ya metali nyingine: nikeli, kobalti, kromiamu, alumini na itriamu kidogo sana. Ngozi hiyo haizidi sana unene wa nywele tatu au nne, lakini ndiyo inayoizuia oksijeni isiile aloi. Ikishapakwa hupikwa tanurini, na hapo ndipo ubishi wetu unapoanzia. Watu wakiulizana juu ya upishi huo huulizana joto na saa. Mimi naona tumesahau kiungo cha tatu, nacho ni hewa iliyokuwemo humo.

Nimeuweka ubishi huu barazani, kwa sauti nne. Wasemaji nimewaunda mimi ili hoja zipate vinywa. Hoja zenyewe ni za fani na watu wa fani wanabishana juu yake kweli. Yuko Mhandisi wa kituo cha umeme, ambaye ndiye anayelipa. Yuko Mzee aliyeshinda maisha yake kwenye matanuri ya ombwe, yaani matanuri yanayonyonywa hewa kabla ya kuwashwa. Yuko Mwalimu wa sayansi ya metali, na Binti anayesoma kwake.

MHANDISI: Shikamoo, mzee wangu.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Sema lililokuleta, naliona usoni.

MHANDISI: Ni bili. Bledi zetu zimepelekwa nje kupakwa upya. Kupaka kumekwisha, sasa naambiwa kuna kupika: saa nne kwenye nyuzi 1,080 za Selsiasi, kisha saa 20 kwenye nyuzi 870, zote ndani ya ombwe, pampu zikinyonya usiku na mchana. Nikajiuliza. Bledi hizi zikirudi zitakaa ndani ya moto wenye oksijeni tele kwa saa 24,000 kabla hatujaufungua mtambo kuzikagua. Ni karibu miaka mitatu. Ya nini kuzificha oksijeni kwa siku moja kisha tukazitumbukize humo kwa miaka mitatu? Tanuri la hewa lipo, ni rahisi, na joto ni lilelile.

MZEE: Umewahi kulala porini na wachoma mkaa?

MHANDISI: Nimewaona tu njiani.

MZEE: Magogo ni yaleyale, moto ni uleule. Tanuri lililofunikwa udongo vizuri linatoa mkaa. Udongo ukipasuka usiku, mchomaji akiwa amelala, asubuhi anakuta jivu. Joto halikumdhulumu, ni hewa iliyopita kwenye ufa. Sasa sikiliza mpako wako ulivyo. Unga wa metali unapulizwa kwa ulimi wa moto mkali, punje zinayeyuka zikiwa hewani, kila moja ikigonga bledi inatapakaa kama tone la uji sakafuni, na nyingine juu yake, na nyingine. Ukate mpako huo uutazame kwa hadubini: ni tabaka juu ya tabaka, na kati yake kuna nyufa na vishimo. Haujawa kitu kimoja. Zile saa nne ndizo zinazoufanya kuwa kimoja. Atomi zinavuka kutoka tone hadi tone, nyingine zinazama hadi kwenye aloi ya chini, vishimo vinajifunga. Ukiruhusu hewa ipite kabla vishimo havijafunga, kila tone linavaa koti la oksidi, na koti kwa koti hazishikani kwa nyuzi 1,080. Unapata ukuta wa matofali yaliyopangwa bila udongo.

MHANDISI: Lakini si kila kiwanda kinapulizia ndani ya chumba cha ombwe. Mpako uliopuliziwa kwenye hewa ya kawaida unafika kwako makoti tayari umeyavaa.

MZEE: Unafika nayo, nami siwezi kuyavua. Kazi yangu ni kutoongeza jingine.

BINTI: Samahani mzee, na haidrojeni haiwezi kuyavua? Kwenye mabati si ndivyo wanavyofanya?

MWALIMU: Kwenye mabati, ndiyo. Tadeusz Sendzimir, mhandisi wa Poland, alipitisha ukanda wa chuma kwenye tanuri lenye haidrojeni miaka ya 1930, ili chuma kivuliwe oksidi yake kabla ya kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Bati la paa lenu limeshika zinki kwa sababu ya hewa ya tanuri lile. Lakini chuma huachia oksijeni kwa urahisi, alumini haiachii. Chukua nyuzi 1,000. Nikeli haitaoksidika iwapo presha ya oksijeni iko chini ya sehemu moja katika bilioni kumi ya presha ya hewa tunayovuta. Andika moja, uiwekee sifuri kumi nyuma. Kwa kromiamu weka sifuri yapata 22. Kwa alumini weka sifuri 35. Hakuna karakana duniani yenye haidrojeni kavu kiasi cha kuinyang'anya alumini oksijeni yake. Koti la alumina, yaani oksidi ya alumini, likishavaliwa, limevaliwa.

MHANDISI: Basi mzee ameshinda. Ombwe kwa yule ambaye bado hajavaa.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapoachana na mzee wangu, kwa heshima zote. Yeye anadhani ombwe ni utupu. Tanuri zuri la ombwe linashuka hadi sehemu moja katika elfu ya paskali. Ni kazi kubwa hiyo, ni sehemu moja katika milioni mia ya hewa ya kawaida. Moja yenye sifuri nane! Na alumini inataka sifuri 35. Kwa hiyo ndani ya ombwe lako, mzee, alumini inaoksidika kila siku.

MZEE: Mwalimu, mimi nimetoa vipande tanurini vinang'aa kama kijiko kipya.

MWALIMU: Sibishi. Alumina safi iliyo nyembamba haina rangi, mwanga unapita. Yakuti zinazochimbwa Umba na Longido ni alumina hiyohiyo; wekundu na ubuluu wake vimetoka kwenye uchafu mdogo uliomo ndani. Kipande chako kinang'aa huku kimeshavaa. Na mimi sikulaumu kwa kukivalisha. Ninachouliza ni kimevaa alumina ipi.

Naomba msomaji akae nami hapa kidogo, kwa kuwa neno hili ndilo linalobeba mzigo wa mjadala mzima. Alumina ina sura zaidi ya moja. Ile iliyotulia kabisa, ile ya yakuti, wataalamu huiita alfa. Imeshonana, na oksijeni huipenya kwa shida sana, hivyo gamba la alfa, yaani lile koti la oksidi, hunenepa polepole. Nyingine huitwa theta. Hii humea kama nyasi, sindano na vijani vilivyosimama juu ya metali, nayo hukua haraka. Siku inapogeuka kuwa alfa inapungua ujazo, na kitu kinachosinyaa huku kimeng'ang'aniwa na metali iliyo chini yake hupasuka. Mpako unaopata gamba la theta mwanzoni unakwenda kazini ukiwa na gamba nene lenye ufa, na unaopata alfa unaanza na gamba jembamba lililoshonana.

Kwa nini unene uwe jambo kubwa hivyo? Kwa sababu alumina na aloi ya nikeli hazitanuki sawa. Aloi hutanuka karibu maradufu ya alumina. Zikiwa motoni pamoja hakuna shida. Turbini ikizimwa, aloi inasinyaa sana na gamba linasinyaa kidogo, hivyo gamba linabanwa. Wapimaji wamekuta mbano wa paskali bilioni 3 hadi 4 ndani ya gamba lililopoa. Gamba jembamba linauvumilia. Likifika maikromita tano, saba, kumi, nguvu iliyojikusanya ndani yake inashinda nguvu ya kushikamana, nalo linabanduka. Kwa hiyo nguvu ya mpako kwenye joto kali huonekana zaidi siku mtambo unapopoa kuliko siku unapowaka. Nchi inayowasha turbini jioni na kuzizima usiku wa manane, kama inavyoweza kutokea wakati wa mgao wa umeme, inazidai bledi zake mengi kuliko nchi inayoziacha ziwake mwezi mzima.

MHANDISI: Mwandishi ameniwahi, maana mgao ndio uliokuwa mdomoni mwangu. Haya Mwalimu, gamba la alfa nalipataje? Usiniambie tena ombwe.

MWALIMU: Ukiweka oksijeni nyingi kwa mara ya kwanza, kila mmoja anakimbilia sahani. Nikeli inaoksidika, kobalti inaoksidika, kromiamu pia, kabla alumini haijajipanga. Unapata gamba la mchanganyiko linalokua haraka na kubanduka haraka. Ukipunguza oksijeni hadi iwe chini ya kiwango cha nikeli na kobalti, lakini juu ya kile cha alumini, nikeli na kobalti hazipati kitu, na alumini, yenye njaa kuliko kromiamu, ndiyo inayotangulia kula. Nafasi iliyopo ni pana mno, kati ya sifuri yapata 12 na sifuri 35. Agoni, gesi isiyoungana na kitu, yenye haidrojeni kidogo na unyevu uliopimwa, itakuweka ndani ya nafasi hiyo kwa uhakika. Upike kwenye joto la kutosha ili theta isikawie. Saa hizo chache za mwanzo ndizo zinazoandika miaka mitatu yako.

MZEE: Na ombwe langu haliingii kwenye nafasi hiyo?

MWALIMU: Linaweza kuingia. Lakini hujui kama limeingia. Kilichobaki tanurini baada ya pampu kunyonya si hewa kama hii tunayovuta. Kwa sehemu kubwa ni mvuke wa maji uliokuwa umejibandika kwenye kuta tangu mlango ulipokuwa wazi. Siku ya mvua unabaki mwingi, siku ya kiangazi mchache. Hewa inayobadilika na majira huwezi kuiita kipimo.

MZEE: Basi niseme ambalo nyinyi wenye vitabu hamlisemi, kwa kuwa nimeliona kwa macho yangu. Ombwe kali mno nalo linaiba. Nilipokuwa kijana tulikuwa tunashindana nani ashushe presha chini zaidi. Tanuri likipoa, tunakuta ngao za ndani zimepakwa metali ambayo hakuna aliyeipaka. Tukapeleka kupimwa. Ilikuwa kromiamu.

BINTI: Ilitoka kwenye bledi?

MZEE: Ingetoka wapi tena, mwanangu? Kwa nyuzi 1,080 kromiamu inataka kuwa mvuke. Ukiipunguzia presha mpaka sehemu moja katika elfu ya paskali umeifungulia mlango. Inaondoka kwenye uso wa mpako, palepale inapohitajika, inakwenda kukaa kwenye ukuta wa baridi. Tangu hapo sishushi presha mpaka mwisho halafu nikapandisha joto. Nanyonya kwanza mpaka tanuri liwe safi, kisha naruhusu agoni iingie kidogo, presha inapanda, kromiamu inatulia. Mwenye tanuri asiyejua hilo anajisifu kwa ombwe lake huku anamwibia mteja.

Neno hili la Mzee nalipa uzito kuliko yote aliyosema, na Dar es Salaam lina uzito wa ziada. Turbini za pwani huvuta hewa ya bahari. Chumvi ikipita kwenye vichujio na kukutana na salfa, hata kidogo, huzaa salfeti ya sodiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 884. Majimaji hayo hutanda juu ya bledi na kuliyeyusha gamba linaloilinda. Kinga kubwa dhidi ya ulaji huo, hasa kwenye joto lililo chini kidogo, ni kromiamu. Mpako ulioibiwa kromiamu tanurini unaweza kwenda miaka yake mitatu katikati ya bara. Ukiuleta pwani hali ni nyingine.

MHANDISI: Nimeanza kuogopa tanuri kuliko turbini.

MWALIMU: Usiogope. Dai kipimo.

BINTI: Mwalimu, naomba nilete la itriamu, maana wote mmeliruka. Mwaka 1937 Pfeil, wa Uingereza, alipata hataza kwa kuonyesha kwamba ukichanganya kiasi kidogo cha elementi kama seriamu kwenye aloi za nyaya za majiko ya umeme, gamba halibanduki. Miaka mingi watu walitumia bila kujua sababu kamili. Halafu miaka ya 1980 ikaonekana kwamba adui mkubwa ni salfa. Iko ndani ya metali, sehemu kumi katika milioni au chini ya hapo, lakini kwenye joto inasafiri hadi pale gamba linapokutana na metali na kuulegeza ule mshiko. Itriamu kazi yake moja kubwa ni kuikamata salfa isifike pale.

MZEE: Sehemu kumi katika milioni? Kama chembe ya chumvi kwenye sufuria ya maharage.

BINTI: Na inatosha kuharibu chakula chote, mzee. James Smialek na wenzake wa NASA, kule Cleveland, walichukua aloi ya nikeli isiyo na itriamu kabisa, wakaipika kwenye haidrojeni kwenye joto kali kwa muda mrefu. Haidrojeni ikaiondoa salfa mpaka ikabaki chini ya sehemu moja katika milioni. Gamba lililoota baada ya hapo likashika, bila itriamu. Kwa hiyo haidrojeni haivui koti la alumina, ni kweli, lakini inalifukuza lile linalolegeza kifungo cha koti.

MHANDISI: Binti, haidrojeni inalipuka. Na muda huo mrefu nani ataulipa?

MWALIMU: Mhandisi yuko sahihi, na siku hizi viwanda vya aloi vinaiondoa salfa wakati wa kuyeyusha, kabla bledi haijamiminwa. Kwa karakana ya kupaka, haidrojeni ya saa mia si lazima. Lakini Binti amenipa daraja. Itriamu nayo inaisikiliza hewa ya tanuri. Ina njaa ya oksijeni kuliko alumini. Wachunguzi wa kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, wameonyesha kwamba ubora wa ombwe wakati wa kupika mpako unabadilisha mahali itriamu inapokwenda kukaa, na kwa hiyo unabadilisha jinsi gamba linavyoota na linavyoshika baadaye. Unga uleule, bledi ileile, joto lilelile. Tanuri mbili, umri wa aina mbili.

MHANDISI: Ngoja niwarudishe nyuma. Mnazungumza kama vile mpako ndio unaobeba bledi. Anayebeba ni aloi. Bledi inazunguka, inajivuta yenyewe kwa nguvu kubwa, na kwenye joto lile metali inarefuka polepole mpaka inakatika. Aloi ya IN738 inapikwa nyuzi 1,120 kwa saa mbili na nyuzi 845 kwa saa 24 ili chembe zile ndogo zinazoipa nguvu ziote kwa ukubwa unaotakiwa. Upishi wenu wa mpako unazigusa chembe hizo hizo. Na ombwe lina kasoro ambayo hakuna aliyeitaja. Halipozi! Hakuna hewa ya kubeba joto. Bledi inapoa taratibu, chembe zinanenepa na kuachana, na aloi inapoteza nguvu ambayo mpako mzuri hauwezi kuirudisha.

MZEE: Umenena. Ndiyo maana mwisho wa saa nne tunaingiza gesi kwa presha na kuizungusha kwa feni, iipoze kazi haraka.

MHANDISI: Gesi gani? Nitrojeni ni rahisi kuliko agoni.

MZEE: Ni rahisi, na kwa vyuma vya kawaida naitumia. Kwa kazi hii, hapana.

MWALIMU: Kwenye joto hilo nitrojeni inaungana na alumini. Inatengeneza nitridi, sindano ndogo zilizozama ndani ya metali, na kila sindano imekula alumini ambayo ingetengeneza gamba. Unaokoa fedha ya gesi kwa kuuza mpako.

MHANDISI: Basi agoni. Lakini sasa tukiacha maneno, nina cheti hapa. Kimeandikwa mpako umepimwa nguvu ya kushikamana na umefaulu. Kama tanuri lilikuwa baya, cheti kingesema.

BINTI: Walipima vipi, kaka?

MHANDISI: Kwa kuvuta. Wanabandika kipande kwa gundi, wanavuta mpaka kitu kikatike.

BINTI: Na gundi ndiyo iliyokatika?

MHANDISI: Ndivyo kilivyoandikwa.

BINTI: Basi kilichopimwa ni gundi. Gundi hizo zinakatika kwenye paskali milioni 80 hivi, na mpako ulioungana vizuri unazidi hapo. Isitoshe wamevuta kwenye joto la chumbani. Kinachoua mpako ni kule kupanda na kushuka kwa joto, gamba likinenepa kila mara. Kipimo chake ni tanuri la mizunguko: kipande kinaingia nyuzi 1,100 saa moja, kinatolewa kipoe, kinarudi, na kinapimwa uzito kila baada ya mizunguko kadhaa. Kikianza kupungua uzito, gamba linaanguka.

Hapo baraza lilinyamaza, na ni haki linyamaze. Tumekuwa tukipokea cheti cha gundi na kukiita cheti cha mpako.

MZEE: Mwalimu, nikubali kwamba hewa ni kiungo. Lakini agoni yako yenye haidrojeni na unyevu wa kupimwa ni ya maabara. Karakana ina zamu tatu, ina vijana wapya. Kila hatua unayoongeza ni mahali pa kukosea. Mimi nasema: tanuri lisilovuja, linyonywe vizuri, agoni kidogo, lipozwe kwa agoni. Funga valvu, zima pampu, tazama presha inapanda kwa kasi gani. Ikipanda haraka, usiwashe. Tanuri linalovuja ni lile la mkaa lenye ufa, na hakuna kipimo cha unyevu kitakacholiokoa.

MWALIMU: Na mimi nasema mzee, pale bledi inapovaa kauri juu ya mpako, huwezi kuliacha gamba la kwanza lijitokee lenyewe. Kauri ile, zirkonia yenye itria ya asilimia 7 au 8, imekaa juu ya gamba. Gamba likibanduka, kauri yote inaondoka nalo, na metali ya chini inakutana na moto iliokuwa imefichwa. Kwa kazi hiyo hatua ya ziada ni ya lazima.

MHANDISI: Kwa hiyo hamkubaliani.

MZEE: Tunakubaliana kwamba tanuri lako la hewa halifai.

MHANDISI: Hilo nimeliacha.

Nami nitoe hukumu yangu, maana nimewaketisha watu na sina haki ya kukwepa. Hoja ya kwanza ya Mhandisi, kwamba bledi itaishi kwenye oksijeni hivyo ipikwe kwenye oksijeni, imeanguka, na imeanguka kwa sababu mbili: mpako usioungana bado una milango wazi, na gamba la kwanza ndilo linaloamua magamba yote yanayofuata. Hoja yake ya pili, juu ya kupoza na nguvu ya aloi, imesimama, na kila anayezungumzia mpako bila kuitaja anazungumzia nusu ya bledi. Kwa bledi zinazovaa metali peke yake nasimama na Mzee: tanuri lisilovuja, agoni ya kutuliza kromiamu, agoni ya kupoza. Kwa bledi za kauri nasimama na Mwalimu, na sioni ugumu wa zamu tatu kuwa sababu ya kuacha. Vijana wanaoweza kupima unene wa mpako wanaweza kupima unyevu wa gesi.

Lakini wote hawa wanafanya kazi gizani iwapo mwenye mali haulizi. Vituo vyetu vya Ubungo na Kinyerezi viko hapa, na kazi ya kupaka hutumwa mbali. Ukipeleka bledi, usiishie kuandika joto na saa. Andika katika mkataba presha ya tanuri mwanzo na mwisho wa kila hatua. Andika kasi ya kuvuja iliyopimwa siku ileile, gesi iliyoingizwa na usafi wake, gesi ya kupozea na kasi ya kupoa. Dai kipande cha ushahidi cha aloi ileile, kilichopakwa siku moja na bledi zako na kulala tanurini kando yake, kirudi nazo kikiwa hakijakatwa. Kikifika, kipeleke kwenye maabara iliyo karibu nawe, kikatwe mbele ya macho yako, na uangalie gamba kwa hadubini kabla hujatia saini ya malipo.